Chumba Kisichotoa Sauti

Katika rekodi hiyo kulikuwa na pumzi mbili.

Karwirwa alivua hedifoni, akazifuta kwa pindo la leso, akazivaa tena na kuurudisha wimbo mwanzo. Pumzi ya kwanza ilisikika karibu mno na maikrofoni, ndefu, yenye unyevu, kama ya mtu anayejiandaa kuimba. Ya pili ilikuwa ya mama yake, fupi, yenye mkwaruzo. Kisha mama yake akaanza kuimba. Chumbani walikuwa wawili tu siku hiyo, na Karwirwa mwenyewe alikuwa amefumba mdomo na kuzuia pumzi ili asiharibu kazi.

Alijiambia ni kelele za mashine. Asubuhi hiyo alikuwa amefungua kisanduku cha kompyuta kwa bisibisi na kuiongezea RAM, na kifaa kigeni huwa na vituko vyake mpaka kizoee.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Nchiru, mwanamke wa miaka thelathini na sita, asiye na mume wala mtoto. Aliishi na mama yake Gladwell katika nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, nyuma ya hosteli za wanafunzi wa chuo. Gladwell alijulikana kwa sauti. Harusi za kanisa, mazishi, sherehe za akina mama, kote aliitwa kuimba, na nyimbo alizoziimba alizitunga mwenyewe kwa Kimeru akipalilia maharagwe. Zilikuwa kumi na moja. Hakuna hata moja iliyowahi kuandikwa.

Mwezi wa sita madaktari mjini Meru walimpata na uvimbe kooni. Operesheni ingefanywa baada ya wiki tatu, na pamoja na uvimbe wangetoa zoloto, kile kisanduku cha sauti. Angeishi, walisema, ila hangeongea tena, sembuse kuimba. Na asipofanyiwa, uvimbe ungemziba njia ya hewa. Gladwell alisikiliza yote hayo mkoba ukiwa mapajani. Walipofika nyumbani ndipo alipomwambia binti yake, "Toa hizi nyimbo ndani yangu kabla hawajanikata."

Basi Karwirwa akageuza chumba kidogo cha nyuma kuwa studio. Kompyuta alikuwa nayo, ya zamani, ile aliyotumia kurekodi kwaya ya shule. Alipigilia magodoro mawili ukutani, akajaza treya za mayai palipobaki, akaziba dirisha kwa ubao na blanketi ili milio ya bodaboda na redio za wanafunzi isiingie. Mlangoni akatundika blanketi jingine. Ukifunga, masikio yalikuwa kama yametiwa pamba. Hakuna kilichoingia, wala hakuna kilichotoka.

Gladwell alitaka kila wimbo uwe na sauti nne, zote nne zake, na koo lake liliweza wimbo mmoja tu kwa siku. Siku ya tatu walikuwa wanaweka sauti ya nne juu ya zile tatu wakati skrini ilipoganda. Karwirwa alingoja, akabonyeza, akangoja tena. Mwishowe ilibidi aizime mashine, na kazi ya siku nzima ikaenda. Gladwell alimeza mate kwa taabu, akasema si neno, atarudia kesho. Kesho yake sauti ya juu haikutoka.

Ndipo Karwirwa akaenda mjini kwa Mithika, fundi wa kompyuta mwenye kibanda chembamba karibu na soko. Mithika alimweleza kwamba nyimbo zenyewe hukaa kwenye diski, lakini zikiwa zinafanyiwa kazi kompyuta huzibeba zote kwa mkupuo ndani ya RAM, kama mtu anavyobeba mzigo mikononi. Mikono ya kompyuta yake ilikuwa midogo: gigabaiti nne. RAM mpya ya mashine ya umri ule haikupatikana kirahisi, ila alikuwa na vipande viwili vilivyotumika, vya gigabaiti nane kila kimoja. Karwirwa aliuliza kama havingekuja na mambo ya mwenyewe wa kwanza. Mithika alicheka.

"RAM haikumbuki kitu, mwalimu. Stima ikizimwa inasahau yote."

Na kweli kompyuta ilibadilika. Sauti nne, sauti sita, na mwangwi juu yake, haikusita hata kidogo. Kama si ile pumzi, Karwirwa angepiga magoti kushukuru.

Siku ya pili baada ya RAM, Gladwell aliimba wimbo ambao hakuwa amemwimbia mtu, wimbo aliomtungia mumewe mwaka aliozikwa. Aliimba sauti ya kwanza peke yake. Walipousikiliza, chini yake kulikuwa na sauti ya pili. Haikukosea neno, haikukosea pahali pa kupandia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, au ya kitu kilichojua mwanamke huimbaje, nayo ilikuwa mbele ya Gladwell kwa nukta ndogo tu, kama vile yeye ndiye aliyekuwa akiifuata.

"Nani amemfundisha huyu?" Gladwell aliuliza kwa mnong'ono.

Karwirwa alifuta rekodi ile. Walipoanza upya, ilikuwemo tena. Na tangu siku hiyo chumba kikaanza kunuka. Hapakuwa na panya aliyekufa wala unyevu ukutani. Kilinuka kama kinywa cha mtu aliyelala mchana kutwa mdomo wazi, harufu ya joto na ya karibu, na ukifungua mlango ilikupiga usoni kwa vipindi, ikija na kurudi.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa mchana, Gladwell alikwenda shambani kuchuma sukuma wiki, na Karwirwa akaingia chumbani peke yake kusafisha zile rekodi. Jua lilikuwa linawaka nje. Alifunga mlango kwa mazoea, akavaa hedifoni, akaanza. Haikupita muda stima ikapotea. Taa ilizimika, skrini ikazimika, feni ya kompyuta ikazunguka mara ya mwisho na kunyamaza, na kwa sababu dirisha lilikuwa limezibwa alibaki katika giza zito.

Wimbo haukunyamaza.

Uliendelea masikioni mwake, sauti ya kwanza na ya pili, bila umeme, na alipoushika waya wa hedifoni na kuuvuta ulichomoka, ukabaki mkononi mwake ukining'inia, haujaunganishwa na kitu chochote, na bado ukaimba. Alizivua akazitupa. Akaenda mlangoni, umbali wa hatua tatu, akapapasa blanketi, akapata kitasa, akakizungusha, nacho kikazunguka vizuri kama siku zote ila mlango haukuja, na alipouvuta kwa mikono miwili akahisi upande wa pili kitu kikivuta pia, polepole, kwa subira, kama mtu anayejua hana haraka. Alitaka kuita mama yake. Na kabla hajafungua kinywa alisikia kule sakafuni, ndani ya hedifoni alizozitupa, sauti yake mwenyewe ikiita, "Mami!" na ndipo yeye akaita, neno lilelile, kwa kuchelewa, kama mwanafunzi anayerudia baada ya mwalimu. Akapiga kelele, na kelele ikamtangulia. Akalia, na kilio kilikuwa kimekwisha kuliwa mbele yake, na kila alilolisema lilitoka kinywani likiwa jepesi zaidi kuliko la kwanza, mpaka akajikuta anafungua mdomo na hakuna kinachotoka ila hewa, na kuta zote za godoro na treya zikawa zinatanuka na kunywea, zinatanuka na kunywea, na ile harufu ya joto ikamshukia utosini, na akajua bila kuambiwa kwamba hata mtu akisimama nje, mkono ukiwa kitasani, hatasikia kitu.

Mlango ulifunguliwa. Gladwell alikuwa amesimama na ungo wa mboga kiunoni. Alimtazama binti yake chini sakafuni, akatazama juu yake, pale penye giza, kwa muda mrefu, akitingisha kichwa kidogo kama anayebishana na mtu. Kisha akaweka ungo chini, akaingia, akaanza kuimba. Alimsukuma Karwirwa nje kwa goti bila kukatiza wimbo, na mlango ukajifunga.

Sauti ya Karwirwa ilirudi jioni, ikikwaruza.

Gladwell hakutoka. Mlango ulifunguka kwa ajili ya chakula, maji na ndoo, na yeye alikaa kwenye kigoda mbele ya maikrofoni, akiimba chinichini. Akichoka kuimba alivumisha wimbo puani. Karwirwa alimsihi, akamshika mkono kumvuta, akamkumbusha operesheni ya Alhamisi ya wiki ile nyingine. Mama yake alimjibu kati ya ubeti na ubeti kwamba humo ndani koo haliumi, kwamba amwache, asiingie, na hasa asiongee humo ndani.

"Mami, ukikaa hapa utakufa."

"Toka nje, mwari wakwa, binti yangu," Gladwell alisema. "Zungumza ukiwa nje."

Karwirwa aliamini kwamba mama yake amenaswa na utamu. Alidhani kile kitu kimemwahidi sauti isiyokatwa, na kwamba sasa kati ya binti na sauti, mama amechagua sauti. Fikira hiyo ilimuuma kuliko woga wenyewe. Alimwita mchungaji wao, mtu mpole asiyependa makuu. Mchungaji alisimama mlangoni akaomba kwa dakika kumi, na alipokaribia mwisho, "Amina" ikasikika ndani kabla yeye hajaifikia. Aliishusha Biblia. Alimwambia Karwirwa ataendelea kuomba akiwa kanisani, akaondoka bila kunywa chai.

Jumatatu ya wiki ya operesheni Karwirwa alikwenda kwa Mithika. Hakumlaumu, alitaka tu jina la aliyemuuzia vipande vile. Mithika alipekua simu yake akalipata: Njuki, mtu wa Embu aliyekodi shamba la ndizi kule Mitunguu. Karwirwa alimpigia palepale. Alipotaja RAM, kutoka upande wa pili kukaja mnong'ono uliouliza kama katika nyumba hiyo kuna mtu anayeimba.

Njuki alifika kesho yake asubuhi. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono ya mkulima, na kila alichosema alikisema kwa mnong'ono. Karwirwa alidhani ni tahadhari, mpaka alipotambua kwamba hiyo ndiyo sauti yote aliyobaki nayo. Aligoma kuingia ndani ya nyumba. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa uani, akaeleza.

Alikuwa mwanamuziki. Alikuwa na chumba cha kurekodia kule Embu, nyimbo zake hazikupendwa, akaenda kwa mganga wa mbali ambaye hakutaka kumtaja. Alirudi na jini. Kwa mwaka mmoja watu walilia wakisikia akiimba. Baadaye akaona kwamba lile jini ndilo linaloimba na yeye ndiye anayefuata, na siku moja akaamka hana sauti. Alivunja studio yake. Kompyuta aliifungua akaiuza vipande vipande, skrini kwa huyu, diski kwa yule, RAM kwa Mithika.

"Nilidhani nikiligawa litakufa," alinong'ona.

Karwirwa aliuliza kwa nini basi asivunje vile vipande mara moja. Njuki alitikisa kichwa. Akivivunja chumba kikiwa kimefungwa, alisema, litabaki chumbani, na aliye ndani atakuwa ndiye chombo. Jini lile halikai ila palipozibwa. Sauti isiyo na pa kutokea ndiyo chakula chake. Kwanza chumba kifunguliwe.

Walianza na dirisha, kutoka nje, Njuki na mtaimbo, Karwirwa na nyundo. Msumari wa kwanza ulipong'oka kukatoka ndani mlio ambao si wimbo wala kilio. Ubao ulipoanguka, jua likaingia, na pamoja nalo kukaingia mlio wa kinu cha posho cha jirani, na honi za bodaboda, na jogoo, na msichana wa hosteli akigombana na mtu kwenye simu. Gladwell alikuwa ameketi pale kigodani. Midomo yake ilikuwa ikitembea, lakini sauti yake ilisikika pembeni, juu, kwenye kona ya dari, ikiimba nyimbo zote kumi na moja kwa wakati mmoja.

Karwirwa aling'oa kitasa cha mlango na bawaba zake, akauburuta mlango hadi uani. Akavuta magodoro. Akachana treya za mayai kwa kucha, na kila alipochana sauti ile ilikonda, ikawa ya mtoto, ikawa ya mbu, huku ikianza kusema badala ya kuimba, na ilichosema ni jina lake, Karwirwa, Karwirwa, kwa namna ya kubembeleza. Hakuitika. Alipiga magoti mbele ya kompyuta iliyokuwa imezimika tangu Jumamosi ile ya kwanza, akaifungua, akavuta vipande vile viwili. Vilikuwa vya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Alivibeba kwenye leso mpaka nje, na Njuki akavisaga kwa nyundo juu ya jiwe la kufulia mpaka vikawa unga wa kijani, kisha wakaupeperusha barabarani palipo wazi.

Ndani ya nyumba kulikuwa na kimya cha kawaida, chenye kuku na chenye watu. Gladwell alikuwa ameanguka kwa uchovu, na alipojaribu kuzungumza hakikutoka kitu. Kwenye diski majina ya nyimbo yote yalikuwepo. Karwirwa alifungua moja baada ya nyingine, akakuta mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho.

Njuki alinawa mikono. Karwirwa alimuuliza kama limekwisha.

"Limetoka hapa," alinong'ona. "Limeenda wapi, mimi sijui."

Alhamisi ya operesheni ilifika. Madaktari walitoa uvimbe wote na kusema wamewahi. Gladwell alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, akiwa na tundu dogo shingoni la kupumulia na daftari la kuandikia. Kwa siku nyingi aliandika mambo madogo, chumvi, maji, funga kuku. Karwirwa alimhudumia vizuri, lakini kwa baridi fulani, maana hakuwa amemsamehe zile siku kumi za kigodani. Siku moja, wakimenya ndizi, akamuuliza waziwazi. Kile kitu kilimwahidi nini hata akakubali kufa nacho?

Gladwell alifuta mikono. Aliandika ukurasa mzima, akasimama kupumua, akaandika mwingine, akalisukuma daftari mezani.

Siku ile uliyofungiwa, aliandika, nilikuwa mlangoni muda mrefu na sikusikia kitu. Nilifungua kwa sababu ya harufu tu. Lilikuwa juu yako na lilikuwa limeshashika sauti yako. Nililiambia lichukue yangu, inakatwa hata hivyo. Likaniambia yangu imeoza. Likasema linataka yako, na litangoja. Niliona kwamba nikiimba haliwezi kuita, lazima lifuate. Basi nikaimba. Koo liliuma, mwari wakwa. Liliuma kila siku. Nilikwambia haliumi ili usije ndani kunionea huruma kwa maneno.

Karwirwa alisoma mpaka mwisho, akarudia. Ndizi zilikuwa zimeanza kubadilika rangi ndani ya sufuria. Aliweka kichwa mapajani mwa mama yake, na walikaa hivyo mpaka giza likaingia.

Tangu hapo wakawa na desturi. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa chumba chake, Karwirwa husema, "Muga, Mami," na mama yake, ambaye huwa amesimama upande wa pili tangu kabla hakujapambazuka, hugonga mara mbili. Asiposikia salamu huingia. Asubuhi moja Karwirwa alilala kupita saa, akaamshwa na vidole vya mama yake vikiwa kooni mwake, vikipapasa kama kuna mtetemo.

Januari alipewa cheo cha naibu mwalimu mkuu katika shule moja ya Embu, cheo alichokingoja miaka minane. Alimweleza mama yake usiku huo. Angepata mwanamke wa kumsaidia nyumbani, angekuja kila wikendi, na ile salamu ya asubuhi angeitoa kwa simu, saa kumi na mbili kamili, bila kukosa hata siku moja.

Gladwell alichukua kalamu. Hakuandika kwa haraka.

Kwa simu, aliandika, nitajuaje ni wewe?

Karwirwa alilifunga daftari lile. Asubuhi alimsalimia mama yake kupitia mlango, akasikia akigongewa mara mbili, kisha akaketi mezani na kuandika barua ya kukataa cheo.